Tope la Mtaro na Matuta ya Mchicha: Kisa cha Barabara Moja ya Mtwara

Kila mwisho wa Oktoba, kabla mvua haijatuwahi, mitaro ya mtaa wetu huzibuliwa. Vijana huja na sepeto na toroli, hutoa tope jeusi na kulirundika ukingoni mwa barabara, nalo hukaa hapo likikauka mpaka lori lije kulizoa. Lori huchelewa. Mwaka ninaousimulia lilichelewa kupita kiasi, na Bibi, jirani yangu mwenye bustani ya mchicha na matembele nyuma ya kibanda chake, akaona riziki imemfuata mlangoni. Ardhi yetu hapa Mtwara mjini ni mchanga mtupu. Ukimwaga maji asubuhi, saa nne huyaoni. Tope la mtaro ni laini, linashika maji, na kwa harufu yake mtu anaweza kuapa kwamba ni mbolea. Akawapa wale vijana hela ya soda, wakamletea toroli sita, akajaza matuta manne.

Mimi nafundisha kemia sekondari. Nilipita jioni, kama ilivyo ada, kumsalimia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hebu njoo uone udongo huu. Huu hata samadi hautaki."

Nikachota kiganjani. Ulikuwa mweusi kama masizi ya sufuria, na nilipousogeza puani ulinuka yai viza. Katikati ya vidole nikahisi kitu kigumu: kidonge cha kijivu, kidogo kama punje ya hindi lakini kizito ajabu, na nilipokikwaruza kwa ukucha kikaacha mstari unaong'aa. Sikusema neno. Nilikitia mfukoni nikaaga.

Kisa chenyewe ni hicho tu. Toroli sita za tope, matuta manne, kidonge kimoja. Yote yanayofuata ni kujaribu kujibu maswali mawili: tope lile lilibeba nini, na vitu hivyo vilifikaje pale.

Barabara yenyewe

Kutoka kipilefti hadi pwani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Lami inateremka kidogo. Njiani kuna matuta mawili ya kupunguza mwendo, kituo cha bajaji, kina mama wanaokaanga samaki na mihogo, gereji bubu chini ya mwembe, kisha mtaro unaingia kwenye kalivati na kutokea upande wa pili penye mikoko. Malori ya bandarini hupita usiku na mchana: ya korosho msimu wake ukifika, na miaka ya karibuni ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma.

Nilipoanza kuuliza mtaani, kila mtu alikuwa na jibu tayari: makaa ya mawe. Tope si jeusi? Basi ni makaa. Siyatetei makaa; vumbi lake halina heri kwa kifua cha mtu. Ila weusi si kipimo cha metali. Makaa ya mawe kwa sehemu kubwa ni kaboni, na metali zilizomo ni chembe chache ambazo huachiliwa zaidi yanapochomwa kuliko yanaposafirishwa. Tena tope la mtaro huwa jeusi hata mahali ambapo makaa hayajawahi kupita, kwa sababu chini ya maji yaliyotuama hakuna hewa: salfa inashikana na chuma na kufanya kitu cheusi, na ndiyo hiyo harufu ya yai viza. Kama lori la makaa lina kesi ya kujibu hapa, basi kesi hiyo imo kwenye tairi na breki zake, wala haimo kwenye mzigo.

Anza na tairi. Mpira wa tairi hupikwa kwa salfa, na ili upikike vizuri huchanganywa na oksidi ya zinki. Katika ile sehemu inayogusa barabara, zinki huwa kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Tairi jipya likiwekwa leo na likaja kutolewa kipara, tofauti ya uzito iko wapi? Iko barabarani. Zinki huandamana pia na kadimi kidogo, metali yenye sumu, kwa kuwa metali hizi mbili hutoka mgodini pamoja na kuzitenganisha kabisa ni gharama. Kisha kuna breki: chuma, shaba, antimoni, vikisagwa kila dereva anapokanyaga. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba kwenye brekipedi hadi chini ya asilimia 0.5 ifikapo 2025, kwa sababu ilikuwa ikisombwa na mvua mpaka kwenye maji ya samaki. Na sisi wa pwani tuna chanzo cha tatu ambacho hatukihesabu: mabati. Upepo wa bahari una chumvi, chumvi inakula ile ngozi ya zinki juu ya bati, na paa zote zilizopangana barabarani hudondoshea mtaro uleule.

Hayo hayaenei sawasawa. Gari linalokwenda mwendo mmoja huacha kidogo; linalofunga breki huacha nyingi. Nilifungia sumaku ya spika mbovu ndani ya mfuko wa plastiki, nikaiburuza juu ya vumbi sehemu tatu za barabara. Katikati ya kipande kilichonyooka iliota ndevu chache. Kwenye kipilefti na mbele ya kila tuta, ilifunikwa na manyoya meusi yasiyopanguka. Sumaku inashika chuma tu, haikuambii lolote kuhusu zinki wala risasi, lakini palipo na unga mwingi wa breki ndipo palipo na vingine. Na bustani ya Bibi, kwa bahati mbaya, iko hatua chache chini ya tuta la pili. Tuta la barabarani linalisha tuta la mchicha.

Lami hushiba

Watu hudhani uchafu wa barabarani hupanda siku hadi siku kama akiba ya kibubu. Sivyo. Mvua ikishaosha lami, siku za kwanza vumbi hurudi kwa kasi, halafu kasi inapungua mpaka kiasi kinachoongezeka kila siku kinakuwa sawa na kinachoondolewa na upepo na magurudumu. Lami imeshiba. Kuanzia hapo kila chembe mpya inayoangushwa inasukuma nyingine pembeni.

Sasa tazama kalenda yetu. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi cha karibu nusu mwaka, na kusi inavuma. Barabara inashiba mapema, pengine kabla Juni haijaisha, na miezi yote iliyobaki inatapika pembeni: kwenye mchanga wa ukingoni, kwenye meza za samaki, kwenye majani ya matembele, kwenye mtaro. Halafu Oktoba msimu wa korosho unafunguliwa na malori yanaongezeka, wakati ule ule ukingo umeshajaa. Mvua ya kwanza ikipiga, inabeba yote kwa pamoja. Ndiyo maana maji ya mvua ya kwanza huwa kama chai ya rangi na ya tano huwa maji tu.

Kuna utafiti wa zamani wa Shirika la Mazingira la Marekani, wa mwaka 1972, ambao bado unatumika kueleza jambo hili. Walikwangua mitaa ya miji kadhaa wakakuta zaidi ya robo tatu ya uchafu wote imejibana ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye ukingo wa barabara. Lililonishtua zaidi ni hili: unga laini kabisa, chembe zisizofika maikroni 43 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ulikuwa kama asilimia 6 tu ya uzito wote, lakini ulibeba zaidi ya nusu ya metali nzito. Sababu yake ni nyepesi. Metali hung'ang'ania juu ya ngozi ya chembe, na ukisaga jiwe moja kuwa unga, ngozi inaongezeka mno ingawa uzito ni ule ule.

Hapo ndipo fagio letu la chelewa linaposhindwa. Kina mama wa usafi wanaamka saa kumi alfajiri, wanafagia, na kufikia saa moja barabara inapendeza. Wamezoa mchanga, maganda, vifuniko vya chupa. Ule unga laini, sehemu wameuvuta puani, sehemu umeruka ukatua palepale, na sehemu umesukumwa mtaroni. Siwalaumu; wanafanya walichotumwa, kwa kifaa walichopewa, mara nyingi bila hata barakoa. Kunyunyiza maji kabla ya kufagia kungepunguza nusu ya shida yao. Lakini barabara iliyofagiwa hivi haijasafishwa, imepangwa upya.

Nilitaka Bibi alione hilo kwa macho. Nikachukua chupa mbili za maji, moja nikatia ya bomba, nyingine ya bahari, kila moja vijiko vitatu vya tope, nikatikisa na kuziweka mezani kwake. Mchanga ulizama hata kabla hatujakaa. Baada ya nusu saa chupa ya maji chumvi ilianza kutakata. Ya maji baridi ilikuwa bado na ukungu kesho yake asubuhi. Chumvi hugandisha unga laini pamoja, unakuwa vipande vizito, unazama. Kwa hiyo kinachosombwa na mtaro hakiendi bahari kuu kama tunavyojifariji. Kinashuka pale pale mdomoni, kwenye mikoko, ambako siku za bamvua wanawake huinama kuokota chaza na kome.

Bibi alizitazama zile chupa muda mrefu. "Kwa hiyo hata kome," akasema.

Kidonge

Mpaka hapo nilikuwa nimeeleza zinki, shaba, chuma na kadimi kidogo. Bado nilikuwa na kitu mfukoni.

Risasi barabarani ina historia inayojulikana. Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa risasi ili injini zisigonge, na kila bomba la moshi likawa linaitema. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuachana nayo, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka sokoni kwetu. Risasi hiyo haiozi; ikitua kwenye udongo inakaa tabaka la juu kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo mtu akikuta risasi kando ya barabara ya mjini, jibu la haraka ni petroli ya zamani.

Kwa Dar es Salaam jibu hilo lina uzito. Kwa Mtwara ninalitilia shaka. Wakati petroli ile inauzwa, sisi tulikuwa kisiwa cha nchi kavu. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo kulikuwa na kivuko, na masika yakikolea, mtu wa Mtwara alikuwa na hesabu ya meli au ya kusubiri. Magari yalikuwa ya kuhesabika. Bodaboda, bajaji, msururu wa malori, vyote vimekuja baada ya petroli ya risasi kuondoka. Na kuna hoja nyepesi kuliko zote: mtaro huu huzibuliwa kila mwaka. Tope lake ni la mwaka huu.

Nikafikiria zile risasi za balansi zinazobanwa kwenye ringi, ambazo hudondoka gari linaporuka tuta na kusagwa na magari ya nyuma. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye magari mapya mwaka 2005. Huku kwetu watoto huziokota wakaziuza kwa wavuvi. Lakini kidonge changu hakikuwa na umbo la kubanwa popote. Upande mmoja kilikuwa cha mviringo kama tone, upande wa pili kimegandamana na majivu. Kilikuwa kimeyeyuka.

Basi nikapanda na mtaro, kinyume cha maji. Sikwenda mbali. Nyuma ya gereji bubu, chini ya mwembe, kulikuwa na mafiga matatu, sufuria iliyotoboka ubavuni, na magamba ya betri yaliyopasuliwa kama madafu. Kijana mmoja alikuwa anamimina chubwi, vile vizito vya risasi vya nyavu, kwenye vishimo vya mchanga.

"Karibu, mwalimu," akasema, maana niliwahi kumfundisha.

Alinieleza kazi yake bila kuficha, na kwa nini afiche? Betri mbovu ananunua kwa fundi. Asidi anaimwaga mtaroni "isije ikaunguza mtoto". Sahani za ndani anaziyeyusha. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, kuni za mwarobaini zinatosha. Kisha akaniambia sentensi ambayo nilirudi nayo nyumbani: "Hii ya chini ndiyo risasi yenyewe. Ile nyeupenyeupe inayoelea juu ni takataka, naikwangua naitupa."

Ile takataka ndiyo mbaya. Donge la risasi mtoto akilishika anaweza kunawa. Ule utando wa juu ni oksidi, unga laini unaopeperuka, unaoshika mkononi, na ukifika tumboni unayeyuka kwenye asidi ya tumbo kwa wepesi kuliko donge. Yeye alibakiza kilicho salama zaidi na kutupa kilicho hatari zaidi, na alikitupa pale pale alipomwaga asidi, ambayo kazi yake ni kulainisha metali ziwe rahisi kusafiri.

Hapa nakiri nilikuwa nimekwenda kombo. Wiki nzima nilikuwa nahesabu malori. Zinki na shaba za mtaro ule ni kazi ya maelfu ya magurudumu, kila moja likiacha kidogo, na hakuna wa kumshika shati. Risasi ilikuwa ya sufuria moja. Mtaro haubagui, unazichanganya zote, na aliye chini anaona tope la rangi moja. Angekuja mtaalamu akahesabu magari kwenye kipilefti na kukisia uchafu kwa hesabu hiyo, angeandika ripoti safi na asiguse risasi kabisa.

Wala si jambo la kuchezea. Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 kwa sababu ya risasi ya betri iliyoenea mchangani. Jirani zaidi, Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliuacha mtaa mzima na madhara, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliagiza wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Sufuria ya kijana wangu si kiwanda. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na Bibi ana wajukuu watatu wanaocheza kwenye matuta yale.

Matuta manne

Bibi alinipinga, na hoja zake hazikuwa za kijinga. "Mchicha wa mtaroni nimekula kabla hujazaliwa." Kweli, nikamwambia, ila mtaro wa wakati ule ulibeba maji ya vyombo na majani ya mwembe. "Nitauchemsha vizuri." Moto huua wadudu, risasi iliyochemshwa ni risasi ya moto. "Mbona umeota vizuri?" Kwa sababu tope lina mbolea kweli, na zinki kidogo mmea unaipenda; ikizidi ndipo majani yatakapogeuka manjano.

Kila metali ina tabia yake ndani ya tuta. Risasi ni mvivu, haipandi sana kwenye mizizi; hatari yake ni udongo unaorukia majani wakati wa kumwagilia, na kucha za watoto. Kuosha vizuri kunasaidia hapo. Kadimi ni kinyume: inapanda, na mboga za majani kama mchicha ndizo zinazoivuta zaidi, wala huwezi kuiosha kwa sababu imo ndani ya jani. Zaidi ya hayo, tope lililokuwa limefungwa chini ya maji bila hewa lilikuwa limezibana metali na salfa. Ukilitoa juani likapata hewa, vifungo vile vinaachia, na ndani ya wiki chache metali zilizokuwa zimelala zinaamka. Kulitoa mtaroni na kulimwaga bustanini ni kulitoa gerezani.

Hoja iliyomgeuza haikuwa ya kemia hata moja. Ilikuwa ni wajukuu. Alinyamaza, akaita vijana, wakaling'oa tope pamoja na kiasi cha mchanga wa chini yake, na mahali pake akaweka majani ya mkorosho yaliyooza na samadi ya mbuzi kutoka kwa dada yake Naliendele. Karibu na barabara akapanda nyanya na bamia, maana matunda hubeba metali kidogo kuliko majani, na mchicha akausogeza nyuma ya nyumba. Kibanda kinazuia vumbi. Mtendaji wa mtaa alikuja akazungumza na kijana wa chubwi kwa upole. Naye akahamisha mafiga yake ufukweni, penye upepo mwingi zaidi, na akakubali kuacha kumwaga asidi mtaroni. Sijui huko ufukweni anaimwaga wapi, ila kila nikimwona ananiita mwalimu kwa heshima ile ile.

Kabla vijana hawajaondoka na toroli, Bibi aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la maana. "Huu nautoa. Niupeleke wapi?"

Nikamwambia ulundikwe mbali na nyumba, ufunikwe turubai, usubiri lori la manispaa. Lori likaja katikati ya Novemba, likazoa tope la Bibi na la mtaa mzima kwa pamoja. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye bajaji nikaliona tena, limerudi kinyumenyume kwenye kiwanja kinachojengwa, linamwaga. Msingi ulikuwa umeshapanda, wanajaza ndani kabla ya kumwaga zege, na uani palikuwa pamebaki kichuguu cheusi ambacho watoto walikuwa wameshaanza kukiteleza.

"Huyu ana bahati," dereva wa bajaji akaniambia. "Kifusi kizuri kama hicho siku hizi kinauzwa."